Apdeti ya gari la umeme haishuki? Anza na waifai

Ndugu, umesema Tesla Model 3 yako inaonyesha alama ya njano ya kupakua, siku ya nne sasa, na hakuna kinachoendelea. Gari halijaharibika. Njano maana yake apdeti, yaani toleo jipya la programu ya gari, ipo, inasubiri waifai. Ikianza kushuka, ile alama hugeuka kijani. Tatizo kubwa ni maegesho: ruta iko sebuleni, gari liko nje nyuma ya kuta mbili. Mimi huacha simu ndani ya gari imewasha hotspoti, na inashuka vizuri tu, ila angalia bando lako, maana mafaili haya ni makubwa.

Ikishashuka, itatokea saa ya njano. Hapo ndipo unachagua muda wa kusakinisha. Chagua usiku. Gari haliendeshwi wakati huo, na kama lilikuwa linachajiwa, chaji husimama hadi kazi iishe, kisha huendelea lenyewe. Usianze asubuhi watoto wameshabeba mabegi ya shule!

Na tafadhali usizipuuze apdeti hizi. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima breki za Model 3 na kukuta gari linahitaji futi 152 kusimama kutoka maili 60 kwa saa. Tesla wakatuma apdeti hewani, na gari lilelile lilipopimwa tena likasimama kwa futi 133. Hakuna fundi aliyeshika spana.