Serikali 16 za Ujerumani, na kama kweli mtu wa kawaida anaishtaki serikali

Nimeliona swali la mdogo wangu kwenye grupu la ukoo tangu juzi, nilikuwa zamu za usiku ndo maana kimya. Aliuliza kama ni kweli Ujerumani kuna serikali 16 na juu yake nyingine moja, sasa mtu anaongozwa na nani, na kama ni kweli raia wa kawaida anaweza kuishtaki serikali akashinda. Halafu kaka mkubwa akamalizia kwamba na sisi Tanzania tukichukua mfumo huo mambo yatanyooka. Naandika badala ya kutuma sauti maana ni marefu.

Majimbo ni 16 kweli, na kila moja lina katiba yake, bunge lake, polisi wake na wizara yake ya elimu. Katiba ya nchi nzima ni ya 1949, waliiandika wakiwa wametoka kwenye utawala wa Hitler na miji imebaki vifusi, kwa hiyo madaraka waliyagawa makusudi ili asitokee mtu mmoja akayashika yote. Ibara ya kwanza inaanza na utu wa mtu, kwamba haugusiki, na ukisoma ibara ya 79 unakuta misingi hiyo pamoja na nchi kuwa ya majimbo ni vitu ambavyo hata bunge zima likikubaliana haliruhusiwi kuvifuta. Mimi niliposoma hapo nilikaa nikafikiria sana jinsi kwetu katiba inavyobadilishwa.

Sasa kwenye maisha ya kila siku inakuwaje. Sheria nyingi kubwa zinatungwa Berlin, makao ya serikali kuu, ila anayezitekeleza ni jimbo, na jimbo linaziachia mji au wilaya, hapo ndipo sisi wageni tunapokutana nazo. Kwa mfano sheria ya ukaazi wa wageni ni moja nchi nzima lakini ofisi inayonipa kibali ni ya mji ninaokaa, ina wafanyakazi wake, kompyuta zake na foleni yake, kwa hiyo watu wawili wenye kazi moja na makaratasi yaleyale, mmoja anapata kadi ya kibali ndani ya wiki chache na mwenzake mji wa pili anasubiri miezi. Shule nazo hivyohivyo, Berlin, ambayo nayo ni jimbo, mtoto anasoma msingi miaka 6, majimbo mengi ni miaka 4 tu halafu wanachujwa, na ukihama jimbo mtoto anaweza kujikuta yuko mbele au nyuma ya wenzie. Chekechea Berlin hulipii ada tangu 2018, kwingine unalipa hela ya maana.

Na msidhani huku kila kitu kiko kwenye simu. Mwaka 2017 walitunga sheria kwamba hadi mwisho wa 2022 huduma zote za serikali zipatikane mtandaoni, mwaka ukaisha kazi haijaisha, na sababu kubwa ni hiyohiyo ya kugawana madaraka, halmashauri ziko zaidi ya 10,000 na kila moja na mfumo wake wa kompyuta, nani amwamrishe nani? Mtu wa Dar anayelipia serikali kwa control number, ile namba ya malipo ya kwenye simu, akija huku akaambiwa barua itakuja kwa posta anashangaa, na haki yake ashangae.

Swali la kuishtaki serikali nalijibu kwa lililonikuta mwenyewe. Kibali changu kilikuwa kinaisha, nikapeleka maombi mapema na kila karatasi waliyotaka, nikapewa karatasi ya muda ya kunishikilia wakati wanashughulikia, basi kimya. Nikiandika barua pepe hakuna jibu, nikipiga simu inaita mpaka inakatika, na kazini bosi kila mwezi ananiuliza kadi iko wapi maana naye anaogopa kumwajiri mtu asiye na kibali. Miezi ikapita usingizi sina. Mzee mmoja wa kwetu, mwenyeji wa huku miaka mingi, ndo akaniambia ofisi ikikaa na maombi yako miezi mitatu bila sababu ya msingi sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya utawala kuishtaki kwa kukaa kimya, na kwa ngazi ile ya kwanza wakili sio lazima.

Nikaenda, moyo unanidunda kama mwizi. Pale mahakamani kuna dawati ambalo kama hujui kuandika mashtaka unayasema kwa mdomo na karani anakuandikia. Nilikaa mbele ya mama mmoja wa makamo, ananiuliza polepole, uliomba lini, uliambatanisha nini, walikujibu nini, anapiga chapa, anachapisha, ananisomea, nikipinga neno anarekebisha, halafu nasaini. Wala hakuuliza natoka wapi zaidi ya ilivyotakiwa kwenye fomu! Wiki chache baadaye ofisi ikaniita nichukue kadi, kesi ikafungwa kabla hata ya kusikilizwa na gharama zikaangukia kwao kwa sababu ndo waliochelewesha. Hakuna aliyeninunia na hakuna niliyempa hata senti. Kwa hiyo mdogo wangu, ndio, inawezekana, na sio kwa matajiri tu.

Kuna kitu kingine kwenye barua zao nataka mkielewe. Ofisi ikikukatalia jambo, mwisho wa barua kuna aya inayokueleza unaweza kupinga wapi na ndani ya muda gani, kwa kawaida mwezi mmoja. Wakisahau kuiweka aya hiyo, au wakaiandika vibaya, muda wako unakuwa mwaka mzima. Yaani afisa anayekunyima ndiye huyohuyo sheria inamlazimisha akuonyeshe njia ya kumpinga, na asipokuonyesha hasara ni ya kwao.

Na huko juu ni hivyohivyo. Serikali ya Scholz, aliyekuwa kansela yaani kiongozi wa serikali kuu, ilikuwa imehamisha euro bilioni 60 za mkopo wa wakati wa korona kwenda mfuko wa mazingira, wapinzani wakaenda Mahakama ya Katiba pale Karlsruhe, Novemba 2023 majaji wakasema ni batili, serikali ikatii. Hakuna jaji aliyehamishwa wala kutishwa. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikavunjika, na kugombania hela ni sababu kubwa. Na tarehe 6 Mei 2025 Merz alipoingia bungeni kupigiwa kura ya ukansela akapata 310 wakati zinatakiwa 316, watu walishtuka kweli, lakini katiba inasema nini kifanyike, mchana huohuo wakarudia akapata 325. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini na wagonjwa wangu waliendelea kula supu yao.

Ila nisiwadanganye, mahakama hiyohiyo ninayoisifia ndiyo iliyonifungia mlango. Mwaka 1989 majimbo mawili, Schleswig-Holstein na Hamburg, yalipitisha sheria kuruhusu baadhi ya wageni kupiga kura za serikali za mitaa. Oktoba 1990 Karlsruhe ikazifuta zote mbili, ikasema mamlaka yanatoka kwa wananchi na wananchi maana yake ni raia wa Ujerumani. Baadaye watu wa Umoja wa Ulaya wakaruhusiwa kwa kubadilisha katiba, kwa hiyo Mhispania aliyehamia juzi anamchagua meya, na mimi ninayekatwa kodi kila mwezi, na fungu la kodi hiyo linaenda moja kwa moja kwenye halmashauri yangu, siku ya uchaguzi nabaki nyumbani. Hilo linaniuma. Dawa yake ni kuchukua uraia, tangu Juni 2024 wanakubali uraia wa nchi mbili na miaka inayotakiwa ni mitano, lakini sheria ya kwetu Tanzania kwa mtu mzima haikubali, ukichukua wa huku wa nyumbani umekwisha. Wakenya wenzetu katiba yao ya 2010 iliwaruhusu, wanachagua wakiwa na amani. Mimi bado sijaamua, na naomba shangazi zangu msiniulize kila Idi.

Kaka, nakuja kwako sasa. Ule mjadala wa serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, kwenye rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ya 2013 nakumbuka ulivyotugawa hata sebuleni, halafu Bunge Maalum likarudisha mbili na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Mimi siamini kwamba idadi ya serikali ndo ingetuokoa. Huku zipo 17 na bado nililala macho wazi kwa ajili ya kadi moja. Kilichonisaidia ni saa ya miezi mitatu ambayo inahesabu dhidi ya ofisi, na kwetu saa hiyo inahesabu dhidi ya mwananchi, maana ukitaka kuishtaki serikali lazima kwanza uipe notisi ya siku 90 ndo ufungue kesi. Ukiniuliza tuanze wapi, mimi ningeanza hapo, pamoja na ile aya ya mwisho wa barua, na hivyo viwili havihitaji mtu akubali au akatae majimbo.

Shangazi naye alilalamika kuhusu kiwanja chake, kwamba kila akienda anaambiwa njoo wiki ijayo. Asiende tena kwa mdomo. Aandike barua aombe jibu la maandishi lenye sababu, apeleke nakala mbili, moja wamgongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe abaki nayo. Mdogo wangu wewe una kompyuta, mwandikie kesho, halafu unitumie picha ya huo mhuri.