Barua kwa mwanangu: alama kwenye kifandugu cha mama mkwe wako

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Unasema mama mkwe wako hawezi kujigeuza kitandani tangu apate kiharusi, na juzi ulipokuwa ukimwogesha uliona alama iliyokoza rangi kwenye kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya matako, upana wake kama kidole gumba. Wifi yako amekushauri uisugue kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni ili damu itembee, nawe unauliza kama ni sawa, na kama godoro la hewa lingemaliza shida hiyo.

Usiisugue. Hata kwa mkono mwepesi, hata kwa mafuta mazuri. Wifi yako anamtakia mama mema, lakini hapo anaweza kugeuza alama kuwa kidonda.

Mtu anapolala, uzito wake mwingi hubebwa na sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: kisogo, mabega, viwiko, kifandugu, nyonga, magoti, vifundo na visigino. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hubanwa, mishipa midogo ya damu ikajifunga. Mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hana uwezo huo, na huenda hata maumivu hayasikii. Nyama iliyo karibu na mfupa mara nyingi ndiyo huumia kwanza, ndiyo maana alama ndogo juu ya ngozi inaweza kuficha uharibifu mkubwa chini yake. Ukisugua, unairarua nyama ambayo tayari imeumia na kupasua mishipa iliyobaki. Damu itarudi pale ukiondoa uzito, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote nitakayokuandikia yanaisaidia tu.

Kwanza ijue hali ya alama. Mlaze ubavu, kisha ibonyeze kwa kidole kwa sekunde tatu na uachie. Ikififia halafu rangi ikarudi, damu bado inapita. Isipobadilika, ngozi na nyama zimeshaanza kuumia. Kwa ngozi nyeusi kipimo hiki huweza kudanganya, kwa sababu wekundu hauonekani vizuri. Alama huwa ya zambarau, ya bluu au nyeusi kuliko ngozi ya jirani. Basi tumia mgongo wa kiganja: linganisha joto la pale na la pembeni. Pakiwa na joto zaidi, au baridi zaidi, au pagumu, au teketeke kama pana maji ndani, hesabu kwamba pameumia hata kama macho hayaoni kitu. Mwulize pia kama panauma. Fanya ukaguzi huu kila unapomgeuza, kwenye mwanga mzuri.

Sasa kumgeuza. Anza na kila saa mbili, mchana na usiku. Kwa kuwa alama iko kwenye kifandugu, kulala chali kumeondoka kwenye ratiba mpaka ipone. Abaki na kushoto na kulia. Saa kumi na mbili asubuhi kushoto, saa mbili kulia, saa nne kushoto, na kuendelea. Bandika karatasi ukutani, na kila anayemgeuza aandike saa na upande, maana watu wawili wanaosaidiana bila kuandika kila mmoja hudhani mwenzake ameshafanya. Ukimgeuza ukaona upande aliotoka una alama, ngoja nusu saa utazame tena. Ikiwa imetoweka, muda wenu unafaa. Ikiwa bado ipo, saa mbili ni nyingi kwake, punguza. Upande uliopooza upe muda mfupi zaidi, uanze na muda wa saa moja huku ukikagua, kwa sababu huko hatakwambia kwamba anaumia.

Usimlaze ubavu kamili. Hapo uzito wote huangukia mfupa wa nyonga, nawe utakuwa umehamisha kidonda tu. Mwinamo unaotakiwa ni nyuzi 30, yaani theluthi moja ya pembe mraba. Weka mto nyuma yake kuanzia begani hadi kiunoni, umwegemeze juu yake. Kisha pitisha kiganja chini ya kifandugu: kiwe kinaelea, kisiguse godoro. Pitisha na chini ya nyonga ya upande anaolalia: isibebe uzito wote, nyama ya tako ndiyo ibebe. Mto wa pili uweke kati ya miguu, kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, mifupa isigusane. Akilalia upande uliopooza, livute bega lake mbele taratibu kwa kushika nyuma ya bega lenyewe, asiulalie mkono. Mkono uliopooza usivutwe kamwe. Misuli inayoshikilia bega imelegea na bega huteguka kirahisi.

Visigino husahaulika kuliko sehemu nyingine yoyote, nami naviogopa hasa, kwa sababu havina nyama ya kutosha ya kuvikinga na hupona polepole sana. Kila anapokuwa chali au ameketi kitandani, panga mto kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, kuanzia chini ya magoti hadi juu kidogo ya vifundo, visigino vibaki hewani. Magoti yakunjike kidogo. Mto ukiishia kwenye ule mshipa mgumu wa nyuma ya kifundo, utaleta kidonda kipya hapo.

Ukiwa peke yako, mgeuze hivi. Kwanza msogeze kwenye ukingo wa kitanda ulio mbali na upande atakaotazama, ili akigeuka abaki katikati. Usipofanya hivyo atakuwa pembeni na anaweza kuanguka. Nenda upande atakaotazama. Mkono wake ulio karibu nawe uweke mbali na mwili usije ukalaliwa, ule wa mbali ulaze kifuani, na ukiwa ndio uliopooza uushikilie kwa chini. Kunja goti lake la mbali. Mwambie unachotaka kufanya. Hata asiyeweza kusema mara nyingi husikia. Weka kiganja kimoja nyuma ya bega la mbali, kingine nyuma ya nyonga, mguu wako mmoja mbele, magoti yako yamekunjwa, kisha mlete kwako kwa uzito wa mwili wako wote. Usiinamishe mgongo na kuvuta kwa mikono, utaumia wewe, na hapo mgonjwa atakuwa hana mtu.

Kumpandisha juu kwenye mto ni kazi ya watu wawili na shuka iliyokunjwa mara mbili, imelala chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Kila mmoja anaikunja shuka hadi karibu na mwili, mnahesabu, mnamnyanyua na kumhamisha. Mkimburuta, ngozi hung'ang'ania shuka huku mifupa ikitembea ndani, na mishipa katikati huvutika na kukatika. Huo mvuto wa ndani huharibu nyama haraka kuliko kulalia tu. Ndio unaotokea pia mkimwinua kichwa na mgongo kwa mito mingi: anateleza chini polepole, hamwoni, na kifandugu ndicho kinachosagika. Kwa hiyo mwinuko wa mgongo usizidi nyuzi 30, na kabla ya kumwinua mtangulizie mto chini ya magoti umzuie kuteleza.

Wakati wa kula ni tofauti. Aliyepata kiharusi lazima aketi wima asije akapaliwa, na abaki hivyo dakika 30 baada ya kula. Kama anaweza kuketi kitini, ni bora kuliko kitandani, kwa kuwa kitini uzito huenda makalioni na mapajani. Nyayo zikanyage chini au kwenye kibao, kwa sababu miguu ikining'inia atateleza mbele na kukalia kifandugu. Kwa sasa asizidishe muda wa saa moja kila anapoketi, na kila robo saa hadi nusu saa mwinamishe kushoto, halafu kulia, halafu mbele, kila upande dakika moja au mbili. Ule mpira wa duara wenye tundu katikati usiununue, na kama mnao uondoeni. Ukingo wake hubana nyama pande zote na kuinyima damu sehemu ile ile mnayotaka kuiokoa.

Godoro la hewa linafaa, na kwa mama mwenye hali yake ningelitafuta. Lakini haliondoi kugeuza. Litakusaidia kurefusha muda, pengine hadi saa tatu au nne usiku, endapo tu ngozi inakubali kwa kile kipimo cha nusu saa. Likiwa ni lile la kutandika juu ya godoro lenu, lipime akiwa amelala juu yake: ingiza kiganja chini ya godoro hilo, kikiwa kimelala bapa, usawa wa kifandugu. Kati ya kiganja na mwili wake pabaki hewa ya angalau sentimita 2.5. Ukiusikia mfupa, hewa haitoshi na amelalia kitanda. Usipolipata, godoro zito la sponji ambalo halijabonyea linatosha pamoja na ratiba. Juu yake tandika shuka moja tu, iliyonyooka. Watu hurundika shuka, mpira na mablanketi wakidhani wanaongeza ulaini. Kila tabaka huleta mikunjo na joto. Ondoa makombo ya chakula na vifungo vya nguo, na hakikisha hajalalia mpira wa mkojo.

Unyevu nao huiozesha ngozi. Mkague kila unapomgeuza, na akichafuka msafishe pale pale kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza, kisha kausha kwa kugandamiza taulo polepole bila kufuta kwa nguvu. Paka mafuta mazito ya mgando au krimu ya zinki, tabaka jembamba. Ukipaka nene, nepi haitanyonya mkojo. Usimvalishe nepi mbili kwa pamoja, wala usimwagie poda; hugandamana na kukwaruza. Ukiona wekundu mpana unaoenea kwenye mikunjo ya mapaja pande zote mbili, huo zaidi ni wa mkojo. Alama iliyo juu ya mfupa, mahali pamoja, ni ya uzito. Anaweza kuwa na vyote.

Katika chakula, tazama protini. Mgonjwa wa namna hii huhitaji gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; akiwa na kilo 50 ni kama gramu 63 hadi 75. Yai moja lina takriban gramu 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 takriban gramu 8, kwa hiyo milo miwili ya uji mtupu haifiki hata karibu. Mgawie kidogo kidogo mara tano au sita. Maji na vinywaji vingine vifike kama lita moja na nusu, na kama mwuguzi amesema vinywaji vyake viwe vizito kwa ajili ya kumeza, ufuate hilo. Ikiwa ana ugonjwa wa figo au moyo, mwulize daktari kabla ya kuongeza protini au maji.

Ngozi ikichubuka au ikitoa lengelenge, mwite mwuguzi siku hiyo hiyo. Wakati unamsubiri, usilipasue lengelenge. Palipochubuka paoshe kwa maji ya chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na vijiko viwili vya chai vya chumvi, vilivyosawazishwa. Funika kwa bandeji safi isiyonata. Spiriti na dawa za kusafishia zinazotoa povu huua chembe changa zinazojaribu kujenga ngozi, na kukianika kidonda kwenye jua au chini ya taa hukikausha kikachelewa kupona. Gamba jeusi, kavu na gumu kwenye kisigino usilibandue. Ni kifuniko, mwonyeshe mwuguzi. Harufu mbaya, usaha, wekundu au joto linalozidi kusambaa, homa, au mama kuanza kuchanganyikiwa ghafla: hapo apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Usiku ndio utakaokushinda ukiubeba peke yako. Mumeo ashike zamu ya saa nne na ya saa sita, wewe saa nane na saa kumi, na wifi yako, kwa kuwa anataka kusaidia, mfundishe kuweka mito na kukagua visigino. Alama ipime kwa rula kila siku wakati uleule, uandike urefu na upana pale pale kwenye karatasi ya ukutani. Ukiondoa uzito kweli kweli, itaanza kufifia ndani ya siku chache. Isipofifia, au ikikua hata kidogo, mwite mwuguzi aje aione, na umwonyeshe karatasi hiyo.

Mama yako