Kamera pekee haimtoshi mama

Dada, umeuliza kama kamera nne zitatosha kumlinda mama yako anayeishi peke yake Masaka, nawe uko Kampala. Pole, wasiwasi huo naujua. Kamera itamwona mwizi getini; mama akiteleza bafuni haitamwona, na huko usiiweke kabisa. Anza na kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, kisichoingia maji, kilichounganishwa na kengele inayotumia laini ya simu. Akikibonyeza, inapiga namba ulizoweka, moja baada ya nyingine. Ya kwanza iwe ya jirani mwenye ufunguo, siyo yako: wewe uko zaidi ya kilomita 120.

Mama yangu alikuwa akikitundika msumarini kila akienda kuoga, palepale anapokihitaji zaidi. Kumbe kamba ilimkwaruza! Tukaweka ya kitambaa, sasa hakivui.

Hakikisha kengele ina betri ya akiba umeme ukikatika, na laini isikose salio. Taa inayowaka yenyewe akiamka usiku pia inasaidia sana. Kila mwisho wa mwezi mwambie akibonyeze mchana, uone kama jirani anapokea.