Maswali ya Chumba cha Giza: tangi la filamu kutoka kwa fundi wa tiyo

Swali: Yambo mukubwa. Niko Katuba, Lubumbashi. Nimerithi kamera ya mbao ya babu, ile ya filamu za kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5. Filamu ninazo, boksi moja la HP5 Plus, ila tangi la kusafishia nimeulizia bei nikanyamaza. Rafiki ananiambia nikate tu tiyo (bomba) ya PVC. Ananicheka ao ni kweli? Na joto la huku mwezi wa kumi nitafanyaje?

Jibu: Hakucheki, ndugu. Mi hapa Goma sijawahi kununua tangi la filamu hizo, yote yametoka kwa wauza vifaa vya ujenzi, na picha zinatoka safi kabisa.

Chukua tiyo ya milimita 40. Ndani inabaki kama milimita 36, yaani ukizunguka ukuta wake wa ndani unapata sentimita 11 na kidogo, na filamu yako upana wake ni karibu sentimita 10, kwa hiyo ukiikunja inakaa kwa kujibana yenyewe ukutani na kingo zake hazipandani. Ndo maana usichukue ya 50, humo filamu itatelezateleza. Kata kipande cha sentimita 15, kingine cha 8, kila kimoja gundi kizibo upande mmoja, halafu kwenye kile kifupi gundi manshoni (kile kiungo cha kuunganisha tiyo mbili) kwenye mdomo ulio wazi. Gundi iache ikauke hadi harufu iishe, mi nangoja siku mbili. Kirefu ni cha filamu, kifupi ni kikombe cha dawa.

Usiku, taa zote zimezimwa, shika filamu ikiwa imesimama kwa urefu na upapase vile vijipengo vya pembeni: vikiwa juu kulia, upande wa dawa, ule unaoshika picha, unakutazama wewe. Ikunje upande huo ukae ndani, isukume kwenye tiyo ndefu. Kikombe kiko tayari mezani na mililita 70 za divelopa, ile dawa ya kutokeza picha, unachomeka tiyo ndefu kwenye manshoni kichwa chini (paka vazelini kidogo ibane), unalaza, unaanza kubiringisha ndani ya beseni la maji kama mtu anayesukuma chapati. Hapo taa washa. Muda ukiisha zima tena, badilisha kikombe, weka maji au siki iliyoongezwa maji mara tatu, kisha fiksa, ile dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga.

Mililita 70 zinatosha? Kwa divelopa ya D-76 au ID-11 ya nusu kwa nusu (dawa na maji sawasawa) zinatosha. Vipande vinne vya 4 kwa 5 ni sawa na roli moja la filamu, na roli linataka mililita 100 hivi za dawa isiyoongezwa maji, basi kipande kimoja ni 25, na humo ndani unazo 35.

Sasa rangi ya tiyo. Ya kwanza nilitengeneza nyeupe, nilidhani PVC ni PVC. Ile nusu saa umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, nabiringisha zangu kwa raha kwenye mwanga wa mshumaa, mara umeme ukarudi, na balbu iko juu ya kichwa changu. Filamu ilitoka na utando wa kijivu kuanzia ukingo huu hadi ule, uso wa bibi harusi uko nyuma yake kama mtu aliyesimama kwenye moshi. Kwa hiyo jaribu kwanza: kaa gizani dakika 5 macho yazoee, bana tochi ya simu kwenye mdomo wa tiyo, ukiona ukuta unang'aa hata kidogo hiyo haifai. Dawa yake ni tyubu ya baiskeli iliyokufa, ivute juu ya tiyo kama soksi. Inabana vizuri, haipitishi kitu, na kwenye kiungo inazuia dawa isivuje.

Kitu kingine watu wanashtuka: mgongo wa filamu unabaki na mabaka ya rangi, kwa sababu ulikuwa umegandamana na ukuta na dawa haikupita. Usilie. Fiksa ikishafanya kazi dakika mbili tatu, toa filamu, imalizie kwenye beseni la fiksa taa ikiwaka, mabaka yanaondoka.

Joto. HP5 Plus kwenye ID-11 nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20, ila wewe unabiringisha bila kupumzika, punguza mpaka 11. Huko kwenu mwezi wa kumi maji yakifika nyuzi 24 ni kama dakika 9, toa tena kidogo za kubiringisha, unabaki na 8 kasoro. Chini ya dakika 5 usishuke, rangi itakuja vipandevipande. Afadhali mfuko wa barafu ndani ya beseni.

Swali: Kadutu, Bukavu. Mi natumia filamu za eksrei, nakata ya 18 kwa 24 napata vipande vinne vya 9 kwa 12. Nikiweka kwenye tiyo zinatoka na michirizi. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa ni tiyo. Filamu za eksrei nyingi zina dawa pande zote mbili, na ni laini kama ugali wa moto, kila ukigusa unakwaruza. Achana na tiyo. Tafuta boksi bapa la plastiki la chakula, weka kioo chini kiwe laini, safisha kimoja kimoja chini ya taa nyekundu iliyo mbali kidogo. Na kata kucha.

Swali: Fiksa iliyochoka namwaga wapi? Niko Himbi, karibu na ziwa.

Jibu: Ziwani hapana! Maji ya bomba la Goma yanatoka humohumo. Fiksa ya zamani imejaa fedha. Iweke kwenye bidoni, tumbukiza waya wa kusugulia sufuria, ule wa chuma unaoshika kutu, acha siku kadhaa, fedha inashuka chini kama tope jeusi. Na andika juu ya bidoni kwa herufi kubwa, watoto wa kwetu hawaulizi.