Siti ya 14 imeuzwa, mbona Busia bado wanaiona kijani?

SWALI: Habari za kazi. Niko Mbale, nimetengeneza saiti ya kukata tiketi za basi, maajenti wako Kampala, Jinja na Busia. Natumia websoketi (koneksheni inayobaki wazi kati ya brauza na seva) ili siti ikiuzwa rangi ya kijani, yaani iko wazi, ibadilike kwa wote palepale. Kwenye laptop ilikuwa safi, nimeiweka kwa seva wengine wanapata meseji wengine hawapati, na ajenti akikaa kimya kama dakika moja koneksheni inakatika. Jana abiria wawili wamekatiwa siti moja, ya 14. Nisaidieni jamani.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hao abiria wawili wameniuma kuliko hizo koneksheni kwa hiyo naanza nao. Websoketi isiamue nani kapata siti, hiyo ni kazi ya databesi. Izuie isikubali safari ileile na namba ileile ya siti mara mbili, ajenti wa pili atakataliwa hata kama skrini yake bado kijani. Meseji ni tangazo tu.

Sasa wasiopata. Naona kwa seva unaendesha prosesi zaidi ya moja, yaani nakala kadhaa za programu yako kwa pamoja, laptop ilikuwa na moja. Kila prosesi ina orodha yake ya walioungana nayo kwenye memori, kwa hiyo wa Kampala akiuza kupitia prosesi ya kwanza, meseji inawafikia walioungana na hiyo tu, wa Busia yuko kwa nyingine na haijaambiwa lolote. Weka Redis katikati, ni programu ya kupitishia meseji kati ya prosesi, prosesi inayouza itangaze kwenye chaneli, zote zisikilize, kila moja iwatumie watu wake. Ila chaneli hiyo haihifadhi kitu, aliyekatika imempita, na mtandao wetu si unaujua, so akirudi peji yake ichukue upya hali ya siti zote kutoka databesi.

Hiyo dakika moja inafanana sana na Nginx, programu inayokaa mbele ya programu yako kupokea koneksheni, taimauti yake ya kusoma ni sekunde 60 usipoibadilisha, ikiona kimya inakata. Seva itume ping (meseji fupi ya kuuliza "upo?") kila sekunde 25 hivi, brauza inajibu pong yenyewe huandiki kodi yoyote. Asiyejibu mtoe kwenye orodha, maana simu ikizima chaji haiagi. Na brauza ikikatika haiungani tena yenyewe, hiyo kodi uandike wewe, isubiri sekunde 1, halafu 2, halafu 4, wasije wakaigonga seva mfululizo bila kupumzika.

Kabla hujapeleka tena, washa prosesi mbili kwenye laptop hiyohiyo, uza siti kwa ya kwanza huku umefungua tabo iliyoungana na ya pili, uone kama kijani inatoka.