Bekapu ikikatika njiani, usikimbilie kufuta

Ninahudumia klasta ya Elasticsearch, yaani kundi la seva (kila moja ni nodi) zinazohifadhi na kutafuta hati kwa pamoja, ya kampuni moja ya kliaringi hapa Mombasa. Humo mna hati za mizigo za miaka mingi, na kila usiku snapshoti, yaani nakala ya bekapu, hupandishwa kwenye S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, kule Cape Town. Mzigo bila hati hautoki bandarini, kwa hivyo bekapu ikikatika siichukulii kama kero ya intaneti tu.

Vijana ninaowafundisha kazi huniona mkali kwa jambo moja: hakuna kufuta chochote kabla hatujajua imekatikia wapi. Snapshoti hubeba vipande vipya pekee. Ikiishia kwenye hali ya PARTIAL (imekamilika nusu tu), shadi, yaani sehemu za data, zilizofika zimefika, na snapshoti ya kesho haitazipandisha upya. Ukiifuta kwa hasira, kesho unaanza kazi ileile. Na kuingia kwenye hifadhi ukafuta faili kwa mkono ndiyo hatari kubwa kuliko zote, maana unaweza kuharibu hata bekapu za zamani.

Anza kwa kusoma orodha ya makosa ya hiyo snapshoti. Inataja indeksi (mkusanyiko wa hati), shadi, nodi na sababu. Kosa likiandama nodi moja, kagua saa yake: S3 hukataa ombi ambalo saa yake imepishana na yao kwa zaidi ya dakika 15. Kosa likizagaa kwenye nodi zote, shuku njia ya mtandao.

Hapo kwenye njia ndipo watu wengi hupotea. Kuna wakati kwetu amri ya _verify, ya kupima kama nodi zinaifikia hifadhi, ilipita kila mara, faili ndogo zikapanda vizuri, lakini kubwa zikakwama mpaka muda ukaisha. _verify huandika faili ndogo tu ya majaribio, kwa hivyo haikuthibitisha lolote kuhusu mzigo mkubwa. Mawasiliano yetu yalipita ndani ya VPN (njia ya siri juu ya intaneti), nayo huongeza baiti zake juu ya kila pakiti. Tulituma ping isiyoruhusu pakiti kukatwa, ya baiti 1472, kwa mashine ya upande wa pili: kimya. Tukashusha hadi 1372, ikajibu. Ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1400, si 1500 zilizotarajiwa, na ujumbe wa kuzionya seva zetu kwamba pakiti ni kubwa mno ulikuwa unazuiwa na ukuta wa moto. Tuliiwekea rauta kikomo cha MSS (ukubwa wa data ndani ya kila pakiti) cha baiti 1360, na faili kubwa zikaanza kupita usiku uleule.

Kisha piga hesabu ya mwendo. Kikomo cha kawaida cha snapshoti ni megabaiti 40 kwa sekunde kwa kila nodi. Nodi 3 zikipandisha pamoja ni megabaiti 120, karibu gigabiti nzima. Laini ya ofisi ya megabiti 50 itazidiwa. Weka max_snapshot_bytes_per_sec, mpangilio wa kikomo hicho, iwe 1mb. Itachukua saa nyingi, lakini itafika.

Pandisho la faili kubwa likikatika, vipande vyake huweza kubaki S3. Huvioni kwenye orodha ya kawaida ya faili, na unalipia. Weka kanuni ya kufuta pandisho ambalo halijakamilika baada ya siku 7.

Mengine hayatibiki kwa mipangilio. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na zote mbili zinapita hapa kwetu. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kila klasta ya Mombasa iwe pia na hifadhi ya pili ya snapshoti hapahapa mjini, kwenye diski iliyo nje ya seva za klasta yenyewe.

Hali ya snapshoti ikirudi kuwa SUCCESS (imekamilika), chagua indeksi moja, irejeshe kwa jina jingine, kisha mwombe karani atafute humo hati anayoijua. Akiipata, funga tiketi.