Harold na Kumar ya Krismasi: usiiweke mbele ya wakwe, itafutie mtu wake

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Umepewa kwenye flash muvi ya A Very Harold & Kumar 3D Christmas, kichekesho cha Marekani cha marafiki wawili wavuta bangi, na unataka kuiweka sebuleni usiku wa mkesha, wageni wakiwepo. Halafu unauliza kama ni lazima uanzie ya kwanza. La kwanza nakujibu moja kwa moja: USITHUBUTU. La pili lina maelezo, na nitayatoa yote kwa sababu muvi hii naipenda kweli.

Desemba 2014 nilikwenda Rombo kwa wakwe, mara yangu ya kwanza nikiwa nimeshaoa. Waliooa Uchagani wanajua Krismasi ya kule ilivyo, hakuna anayebaki mjini. Sebule ilijaa: mashemeji, wajomba, watoto wamekaa chini kwenye mkeka, baba mkwe kwenye kiti chake. Mzee ni katekista. Baada ya chakula wakasema mkwe atuwekee muvi. Nilikuwa na flash aliyoniachia rafiki yangu siku ya harusi, jamaa tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, na faili moja lilikuwa na neno Christmas. Sikulikagua. Dakika za mwanzo tu, Kumar yuko kwenye maegesho ya magari ananunua bangi, na anayemuuzia ni Baba Krismasi wa dukani na ndevu zake. Baba mkwe hakusema neno. Aliinuka, akachukua fimbo, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Nilizima pale pale, ila chumba kizima kilikaa kimya. Asubuhi nilimwendea mzee, nikiwa na shemeji mkubwa, kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini aliniuliza swali moja: "Unawapaje watu chakula ambacho hujakionja?" Sikuwa na jibu.

Na hapo ni mwanzo tu. Mbele kuna watu uchi, matusi kila dakika, na kitoto cha kike ambacho kila mahali walevi hawa wanapokipeleka kinavuta au kulamba kisichostahili. Hicho cha mtoto mimi sikipendi hata leo, wamekirudia mno. Mwigizaji Neil Patrick Harris naye, anayeigiza kama yeye mwenyewe na ambaye tulimwona akipigwa risasi kwenye muvi ya pili, anarudi na kusimulia alivyofika mbinguni, na mbingu yenyewe ni klabu ya usiku na Yesu yumo. Kwa Mkristo aliyetoka kwenye misa ya mkesha, hilo ni tusi. Marekani wenyewe waliipa daraja la R, yaani mtoto chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima. Wamarekani wameizoea Krismasi ya namna hiyo, sisi hapana.

Sasa kwa nini naipenda? Flash sikuifuta. Niliimalizia Dar, mimi na mke wangu, watoto wa jirani wakiwa wameshaondoka. Ndipo nikaona kisa chenyewe ni nini.

Ya kwanza ilitoka 2004: vijana wawili wanatafuta hambaga za mgahawa wa White Castle usiku mzima, basi. Ya pili, 2008, wamepanda ndege kwenda Amsterdam, kifaa cha Kumar cha kuvutia bangi kinadhaniwa bomu, wanaishia gereza la Marekani la Guantanamo. Zote mbili wapo pamoja muda wote, hata wakigombana. Hii ya 2011 inaanza wakiwa hawaongei. Hakuna ugomvi mkubwa uliowatenganisha, ni maisha tu. Harold ameoa, anafanya kazi za fedha Wall Street, ana nyumba kubwa. Kumar amebaki kwenye chumba chao cha zamani, masomo ya udaktari yamekwama kwa sababu ya bangi, na mpenzi wake aliyemwacha anakuja kumwambia ana mimba. Kila mmoja ameshapata rafiki mbadala, na hao mbadala wanavyoonyeshana wivu ni sehemu nzuri kuliko vichekesho vyote vya bangi humo.

Kinachowakutanisha ni kifurushi. Kimekuja chumba cha zamani kikiwa na jina la Harold, Kumar anakibeba kumpelekea. Ndani kuna msokoto mkubwa. Kumar anauwasha, Harold anautupa dirishani, unarudi ndani na kuunguza mti wa Krismasi. Mti huo baba mkwe wa Harold aliukuza mwenyewe, na mwigizaji Danny Trejo ndiye baba mkwe, na uso wake wa kutisha mnaujua. Usiku wote uliobaki ni kutafuta mti mwingine New York kabla mzee hajarudi. Mkwe anayehangaika asimwaibishe mke wake mbele ya baba yake! Hapo nilisimamisha muvi kidogo nikamwangalia mke wangu.

Jambo lingine wadau wengi wanalipita. John Cho, anayeigiza Harold, alizaliwa Seoul, Korea Kusini, na Kal Penn, anayeigiza Kumar, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Gujarat, India, aliyekulia New Jersey. Mwaka 2004 Hollywood haikuwa na kawaida ya kuwapa watu kama hao vichekesho vizima wavibebe. Mhindi alikuwa muuza duka mwenye lafudhi, anatokea dakika mbili anaondoka. Hawa wawili walipewa uzembe, mapenzi, hofu na ujinga wa ujana kama mtu mwingine yeyote. Kal Penn mwenyewe 2009 aliacha uigizaji akaenda kufanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama, akatoka 2010 kuja kuigiza hii ya tatu, kisha akarudi Ikulu.

Kuhusu hiyo 3D: ilipigwa kwa ajili ya sinema za miwani, ndiyo maana utaona moshi, mayai na vitu vingine vinarushwa kuelekea kwako bila sababu. Kwenye TV ya kawaida havina ladha, vivumilie. Kipande kinachobaki kizuri hata bila miwani ni pale wanapolewa kinywaji kilichotiwa kitu wakageuka vikaragosi vya udongo, dude la theluji linawafukuza.

Nilipoimaliza ilikuwa saa saba usiku. Nilimpigia yule rafiki yangu, yuko Tabora. Tangu harusi yangu, miezi minane, tulikuwa hatujaongea. Kila mmoja alidhani mwenzake ana shughuli. Alipokea mlio wa kwanza. Mwaka uliofuata alikuja Dar, tukaiangalia pamoja mlango umefungwa, na pale Kumar anaposimama mlangoni kwa Harold na kifurushi chake hakuna kati yetu aliyecheka.

Kwa hiyo swali lako la pili: ndiyo, anzia ya 2004. Ya pili ukiiruka utapoteza habari za Neil Patrick Harris na za mpenzi wa Kumar. Ya kwanza usiiruke, maana usipowajua walivyokuwa wakati ule, chumba kile cha zamani hakitakuuma. Usiku wa mkesha wawekee wageni kitu kingine. Hii ihamishe kwenye flash nyingine, uifiche, ungojee siku yule rafiki mliyekaa chumba kimoja atakapokuja kukutembelea.